Kusaidiana kwenye biashara za chakula mtaani: tafuteni oda kwanza, mkopo baadaye

Wadau habari za mchana. Kuna watu wamenisumbua wiki nzima wanataka nieleze lile kundi letu la hapa Kihonda, Morogoro, la mama lishe na wauza chapati na wasaga unga na vijana wa mboga, tumelifanyaje mpaka liko mwaka wa nne sasa na watu bado wanasalimiana. Nimeona nikijibu mmoja mmoja nitachoka kwa hiyo naandika yote hapa, ni ndefu kidogo, mwenye haraka aruke mpaka kwenye hesabu za chapati maana hapo ndo penyewe.

Nianze na msimamo wangu kabisa ili tusipotezeane muda. Mjasiriamali wa chakula hasaidiwi na semina, hasaidiwi na fulana, na mkopo ukimkuta hana wateja wa uhakika unammaliza. Anayemsaidia ni mtu anayenunua kwake kila wiki, bei kamili, hela mkononi. Makundi mengi nayoyaona yanaanza na katiba, alafu akaunti ya benki, alafu wanasubiri mfadhili, miezi sita baadae mwenyekiti na mhasibu hawaongei. Sisi tulianza kinyumenyume, oda kwanza, katiba ilikuja mwaka wa pili tena kwa kulazimishwa na usajili.

Hatua ya kwanza, zungukeni mtaa mhesabu midomo

Chukueni daftari, watu wawili au watatu, mpite nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi jumamosi mbili. Mnatafuta vitu viwili, nani anapika au anasindika nini, na nani ananunua chakula na anakinunulia wapi. Msiulize "mtatusaidia tukianzisha kundi?" maana hapo kila mtu atasema ndiyo mama, tuko pamoja, alafu humuoni tena. Ulizeni hivi: mwezi uliopita mlinunua chakula cha nje mara ngapi, kwa nani, na mlilipa shilingi ngapi? Mtu akishataja hela hapo sasa mna kitu cha kuandika.

Sisi tulichokikuta kilituchekesha na kutuuma pamoja. Vikao vya harusi mtaani kwetu vilikuwa vinaagiza sambusa na vitumbua kutoka mjini, bodaboda kwenda na kurudi, wakati nyumba ya tatu kutoka hapo kuna mama anakaanga sambusa tangu watoto wake wako chekechea. Gereji ina mafundi kama kumi na tano na kila mmoja anajitafutia mchana wake. Madrasa inanunua maandazi ya watoto dukani, jumuiya za kanisani zinanunua mchele wa reja reja kila mwezi. Hela ya chakula ilikuwepo mtaani muda wote, ilikuwa inapita tu mbele ya milango yetu ikielekea mjini.

Mwenyekiti wa mtaa mpitieni mapema na mumwamkie vizuri, sio kwa sababu ana hela, ila asipojua mnachofanya wa kwanza kuulizwa na afisa afya ni yeye, na akijibu "mi siwajui hao" mmekwisha.

Oda ya wiki ndo moyo wa kundi

Utaratibu wetu ni huu. Alhamisi jioni orodha inaingia kwenye grupu la WhatsApp, kila mpishi ameandika anacho nini na bei. Ijumaa saa sita mchana orodha inafungwa. Anayeagiza anatuma nusu ya hela kwa lipa namba ya kundi, ikiingia ndo jina lake linaandikwa, bila nusu hamna oda hata awe shemeji yako. Jumamosi asubuhi mizigo yote inakutana sehemu moja, sisi tunatumia uwanja wa ofisi ya mtaa, kuna mwembe pale, saa tatu mpaka saa tano watu wanakuja na mabakuli yao wanachukua wanamalizia nusu.

Watu wanadharau hiyo nusu lakini ndo mkopo wa bei rahisi kuliko yote chini ya jua. Mama wa vitumbua akipata oda za elfu arobaini maana yake ijumaa ana elfu ishirini mkononi ya kununua mchele na nazi, hajaenda kwa wale wa mikopo kausha damu, hajaweka rehani friji, hajamwomba mume. Riba sifuri. Kuna mwenzetu alikuwa anakopa elfu hamsini kila jumatatu anarudisha elfu sitini jumamosi, kila wiki, mwaka mzima. Pigeni wenyewe hiyo hesabu, elfu kumi mara wiki hamsini na mbili ni laki tano na elfu ishirini, yaani alikuwa anafuga mtu.

Mpokea oda awe mmoja. Nasisitiza, mmoja, na sio lazima awe kiongozi, kwetu ni binti aliyemaliza kidato cha nne anayeandika vizuri na hasahau, analipwa shilingi mia kwa kila oda. Mwanzoni tulikuwa na wapokea oda watatu kwa sababu ya kugawana vyeo na wiki ya pili tu tukapeleka chapati mara mbili nyumba moja na nyumba nyingine mchana ule hawakula.

Wiki ya kwanza tulipata oda saba, mbili za dada zangu. Msikate tamaa, wiki za mwanzo ndo zinakuwaga hivyo. Ila baada ya miezi miwili kama bado zinatoka kwa ndugu tu basi tatizo ni chakula au bei, kaeni mwambiane ukweli.

Tahadhari kuhusu taasisi. Tulipata oda ya uji kwa shule moja, tukafurahi mno, tukapeleka wiki tano kwa mali kauli kwa sababu waliahidi kulipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukageuka mwisho wa muhula. Tulilipwa ndiyo, lakini baada ya miezi minne, na mwenzetu mmoja kwa wakati huo alishauza mashine yake ndogo ya kusaga. Toka siku hiyo taasisi inalipa kila wiki au hatupeleki, na oda ya mteja mmoja tu haizidi theluthi ya uwezo wetu.

Hesabu za chapati

Hapa naomba mtulie. Kundi likishakuwa na oda, kazi inayofuata ni kukaa na kila mmoja mpige hesabu ya kitu kimoja anachouza, kwa karatasi, mbele ya wenzake. Watu wengi tunauza hasara miaka na miaka tukidhani tuna mkosi.

Nawapa ya muuza chapati wetu, bei zenu zitakuwa tofauti mbadilishe wenyewe. Unga wa ngano kilo mbili elfu nne. Mafuta nusu lita elfu mbili mia tano. Chumvi na sukari mia tatu. Mkaa elfu moja mia tano. Maji mia mbili. Jumla elfu nane na mia tano. Kilo mbili zinatoka chapati ishirini na sita, kila moja mia tano, jumla elfu kumi na tatu. Akasema basi napata faida elfu nne mia tano kwa siku, sio mbaya.

Nikamuuliza, dada, hizo ishirini na sita zote zinauzwa?

Akacheka. "Sasa watoto nao si wanakunywa chai jamani."

Ngapi?

"Kama mbili. Na yule kijana wa bodaboda huwaga anachukua moja anasema atalipa."

Analipa?

Kimya.

Haya, tatu kwa siku hazirudishi hela, hiyo elfu moja mia tano. Imebaki elfu tatu. Anaamka saa kumi alfajiri anamaliza kuuza saa tatu, masaa matano, maana yake anajilipa shilingi mia sita kwa saa, na hapo hatujagusa pango la meza, sabuni, wala sufuria inayokwisha. Alikaa kimya muda mrefu yule dada, mpaka nikajuta kumpigia hesabu mbele za watu.

Lakini ndo ilikuwa siku yake ya kutoka. Tulibadilisha vitu vitatu tu. Unga akaanza kununua na kundi. Chapati za watoto zikaandikwa kwenye daftari kama matumizi ya nyumbani, hakuna aliyemkataza ila sasa zinaonekana. Na kwenye oda za jumamosi akaanza kuuza chapati na maharage kwa pamoja, maana maharage ndo yana faida. Yule wa bodaboda sasa anambebea mizigo jumamosi hadi deni liishe.

Ukishajua gharama ya kitu chako usishushe bei kumfurahisha mtu. Na hapa nawasema majirani wateja, ukija kwa mama lishe wa mtaani ukamwomba apunguze kwa sababu "si tunajuana", alafu supamaketi unalipa kimya kimya bila hata kuangalia risiti, ujue humsaidii. Kujuana kwenu kukufanye ulipe mapema.

Kununua pamoja, na lumbesa

Hapa ndo kuna unafuu wa haraka. Unga wa ngano mfuko wa kilo hamsini mkagawana, mafuta ndoo ya lita ishirini, mchele kutoka Dakawa au Ifakara kwa gunia, viazi, vitunguu, nyanya kwa tenga. Mzani ni lazima, nunueni wa kwenu, wa kuning'iniza haujafika bei ya kutisha. Gunia la lumbesa lile lililoshonewa kilemba juu mkulima analipwa kama gunia moja wakati limebeba gunia na nusu, ni kosa kisheria na Wakala wa Vipimo wanalipiga marufuku kila mwaka lakini bado lipo. Kundi linalojiita la kusaidia wajasiriamali wa ndani alafu linanunua lumbesa linamnyonya mjasiriamali mwingine aliyeko shambani, yaani tumehamisha tu kilio. Nunueni kwa kilo.

Kosa letu sasa. Masika ya mwaka wa kwanza nyanya zilikuwa chee, tukaagiza matenga sita kwa pamoja tukijiona wajanja. Mahitaji yetu halisi ya wiki yalikuwa matenga matatu na kitu. Mvua, joto, chumba kidogo, siku ya nne matenga mawili yanatoa maji chini, harufu mpaka barabarani. Toka hapo kanuni ni kwamba hakinunuliwi kitu kinachooza mpaka kila mmoja ameandika atachukua kilo ngapi na amelipa, na mzigo ukifika unagawanywa siku hiyo hiyo hata kama ni saa tatu usiku. Vikavu ndo vinawekwa stoo, na mahindi na maharage yanaingia kwenye ile mifuko ya tabaka tatu wengi wanaiita kinga njaa. Ukiifunga vizuri hewa inaisha ndani na wadudu wanakufa, huweki dawa yoyote. Ila panya akitoboa tu imekwisha, kwa hiyo ining'inizeni au iwekeni juu ya mbao mbali na ukuta.

Mboga za majani na karoti tunachukua kwa wakulima wa Mgeta, milimani kule Uluguru. Ukipata kikundi cha wakulima mkakubaliana ratiba, kwamba kila ijumaa mtachukua kiasi fulani kwa bei fulani kwa miezi mitatu, mkulima anapanda akijua. Dalali hapendi lakini dalali sio adui pia, kuna siku usafiri umekwama na yeye ndo anajua gari gani linashuka, msimtukane.

Kwa wanaotaka kuuza chakula kisicho na sumu za viwandani, kuna utaratibu wa uhakiki shirikishi unaitwa PGS. Badala ya kumlipa mkaguzi wa mbali mamilioni, wakulima kwenye kikundi wanakaguana wenyewe mashamba kwa mashamba, wanajaza fomu, mmoja akipiga dawa iliyokatazwa kikundi kizima kinaathirika kwa hiyo wanachungana kweli kweli. Unafuata viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, na wakipita wanaruhusiwa kutumia alama ya Kilimohai. Hapa Morogoro mkitaka kujifunza nendeni SAT, Sustainable Agriculture Tanzania, wana kituo cha mafunzo kule Vianzi, na mtandao wa kitaifa wa kilimo hai ni TOAM. Mimi napenda PGS kwa sababu moja tu, mteja naye anaruhusiwa kwenda kukagua. Tulikwenda na wamama watano, tukapanda ule mlima mpaka magoti yakaomba poo, ila toka siku hiyo hakuna aliyelalamikia bei ya karoti.

Usafi na sumukuvu, hapa hakuna utani

Mtu mmoja akiharisha kwa chakula cha mmoja wenu wote mmeharisha. Kila anayeshika chakula apime afya kila miezi sita na kadi ionekane. Afisa afya wa kata mkaribisheni kabla hajaja mwenyewe, mwambieni njoo utuelekeze, kuna tofauti kubwa ya sura akija kwa kualikwa.

Kwa wasindikaji wa unga wa lishe na siagi ya karanga, sikilizeni. Mahindi na karanga ndo vinashika sumukuvu sana, yaani sumu inayoletwa na ukungu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sio hadithi. Kwa hiyo nunueni karanga zilizokauka barabara, zianikwe kwenye turubai au kichanja na sio chini kwenye udongo, zichambueni moja moja, iliyosinyaa, iliyovunjika, yenye ukungu, tupa. Tupa kabisa, usimpe kuku wala usiuze kwa bei ya chini kwa wakaanga karanga. Najua inauma kutupa kilo tatu kwenye gunia. Na unga wa watoto msichanganye vitu kumi mkaita lishe, muoneni afisa lishe wa halmashauri awape mchanganyiko unaofaa.

Kuhusu TBS, Shirika la Viwango, watu wanaogopa bure. Toka 2019 mambo ya usalama wa chakula yalihamia kwao kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo usajili wa jengo na alama ya ubora ni mlango mmoja. Mjasiriamali mdogo anapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapata barua ya utambulisho na kuna unafuu wa gharama. SIDO wapo kila mkoa, wanafundisha usindikaji na wanajua mafundi wa mashine. Ila msikimbilie nembo kabla hamjajua kama kitu kinauzwa, kuna mtu alichapisha lebo elfu tano nzuri za kung'aa alafu jina lilikuwa limeshasajiliwa na mwingine kule BRELA, wanakosajili majina ya biashara. Bado anazo, watoto wanachorea nyuma.

Mashine ya pamoja

Kila kundi linafika mahali linataka mashine. Sisi ilikuwa kaushio la sola, kwa ajili ya maembe na mboga, maana msimu wa maembe hapa yanaoza chini mpaka nzi wanachoka. Tulichanga, fundi akatengeneza, tukapiga picha. Alafu wiki ya pili ugomvi, kwa sababu hatukuandika nani anatumia siku gani, nani anaosha trei, na likiharibika nani analipa. Na hakuna aliyekuwa ametuambia kuwa kilo kumi za maembe mabichi zinakupa kama kilo moja tu ya makavu, tulikuwa tumepanga bei kwa ndoto.

Kabla ya kununua kitu cha pamoja andikeni ukurasa mmoja: zamu, ada ya kila matumizi (sisi elfu mbili kwa siku, inakwenda kwenye matengenezo tu), msimamizi mmoja mwenye funguo, na mtu akijitoa kwenye kundi anarudishiwa nini. Hilo la mwisho ndo linavunjaga makundi. Bora pia kukodi miezi miwili kwanza mkaona kama mnaitumia kweli.

Maganda, mkaa na mifuko

Biashara ya chakula inayotupa robo ya ilichonunua haiwezi kudumu hata uiombee. Maganda ya viazi, majani ya kabichi, makombo, kwetu kuna kijana anapita na ndoo kila jioni. Yanayofaa anawapa nguruwe wake, mengine anawekea wale funza wa inzi weusi anaolishia kuku, na kinachobaki ni mboji. Hatulipi na yeye halipi, ila mayai anatuuzia kwa bei ya jumla. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi yasimwagwe mtaroni, kusanyeni kwenye dumu la kundi, watengeneza sabuni wanayataka.

Mkaa ndo unakula faida ya mama lishe kimya kimya. Andikeni wiki moja mnatumia ya shilingi ngapi, alafu linganisheni na gesi au jiko banifu, lile linalokula mkaa kidogo, kwa chakula kile kile. Kwetu maharage yalibaki kwenye jiko banifu, chapati na chai zikahamia gesi. Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, kwa hiyo mtungi utazidi kusukumwa, ulizieni halmashauri kama kuna mitungi ya ruzuku. Kikwazo ni ile hela ya mtungi wa kwanza, sisi tulitumia mchezo, kila wiki mmoja anapewa hela yote ananunua mtungi na jiko, wiki kumi na nne wote tumepata.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini bado kuna watu wanafungia supu ya moto kwenye vimfuko laini, jamani. Mteja wa jumamosi aje na hotipoti lake, asiye nalo anaazimwa la kundi kwa elfu moja anayorudishiwa akilirudisha. Mwanzo walinung'unika, sasa hivi wanashindana kwa hotipoti zenye maua.

Sasa ndo mkopo

Mkishaona oda zinajirudia miezi mitatu minne, wekeni mfumo wa kuweka na kukopa. Sio kitu cha ajabu, mtindo wa hisa na sanduku lenye kufuli tatu ulianzia Niger mwaka 1991, huku kwetu tumezoea VICOBA, Kenya wana vyama vyao. Watu kumi na tano mpaka ishirini na tano wanatosha, kila wiki unanunua hisa moja mpaka tano, funguo tatu zinakaa kwa watu watatu na sanduku kwa wa nne, hela zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Asiyetaka sanduku kuna M-Koba kwenye simu, hela haitoki mpaka viongozi waidhinishe. Mkopo wa mtu usizidi mara tatu ya hisa zake. Na mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa, utenganishwe kabisa, maana mtu akifiwa atachukua mtaji wa unga na hakuna atakayemnyima.

Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya namna hii vinatakiwa visajiliwe, mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Ukisajiliwa ndo mlango wa mikopo ya ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri unafunguka, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, maombi siku hizi ni kwa mtandao kupitia Wezesha Portal. Hapa daftari la oda lile mlilolianza na biro ndo litawabeba, maana mkiulizwa mtarejeshaje mnafungua kurasa, mwezi huu oda sitini, mwezi huu sabini na mbili. Ombeni kiasi ambacho oda zinaweza kulipa. Sisi tuliambiwa tuombe nyingi zaidi, tukakataa, watu wakatuona washamba.

Mambo madogo yanayovunja makundi

Viongozi wasikae zaidi ya miaka miwili. Mwenye biashara kubwa kuliko wote asiwe mhasibu. Wawili wakiuza kitu kile kile msiwalazimishe kuungana, wagawieni siku au mmoja aongeze kitu kingine, sisi tuna wauza maandazi watatu, mmoja wa iliki, mmoja wa nazi, mmoja yale makubwa ya mafundi, na wateja wao hata hawafanani. Siasa zikiingia wakati wa uchaguzi, tokeni ofisi ya mtaa mhamie kwa muda kwenye kibaraza cha mtu. Na kwenye grupu la WhatsApp admini afute dua za kusambaza na video za miujiza bila huruma, orodha ya oda ikizama chini ya video kumi mtu hapigi tena simu kuuliza.

Mkitaka kuanza wiki hii mnahitaji daftari la kurasa mia mbili, biro mbili, mzani, lipa namba moja iliyosajiliwa kwa jina ambalo wote mnaliamini, na wapishi watano. Andikeni menyu alhamisi. Mimi kama uko Kihonda jumamosi niko pale chini ya mwembe mpaka saa tano, njoo na bakuli.